Mafuta ya Alhamisi

Kibiti, masika ya mwaka 1951

Alhamisi, 1 Machi

Daftari hili amenipa Mama Malekbanu, mke wa tajiri wangu Bwana Nanji. Lilibaki na kurasa nyingi binti yao alipomaliza shule. Ameniagiza niandike kila siku gari limekwenda wapi na limerudi saa ngapi. Nimeitikia. Ila kurasa ni nyingi kuliko safari zangu, kwa hiyo nitaandika na mengine yanayonikera, na yananikera mengi.

Leo: Nyamisati na kurudi, kuchukua mpunga na nazi kavu zilizoletwa kwa mitumbwi kutoka Mbuchi. Kwenye mteremko mmoja wakati wa kurudi nilikanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga godoro. Nikakanyaga tena haraka haraka, mara ya tatu ikashika. Mbele yangu palikuwa na mbuzi watano wa watu, wamesimama katikati ya njia wananitazama. Wote wazima, nami mzima, Alhamdulillahi.

Nimelala chini ya gari mpaka jioni. Mafuta ya breki hupita kwenye paipu za chuma, lakini chuma hakikunjiki, na magurudumu hukunja kona na kuruka mashimoni. Ndiyo maana karibu na gurudumu huwekwa kipande cha mpira, urefu wake shubiri moja na nusu. Gari letu, boksibodi la mbao nyuma, linayo mitatu: miwili mbele, mmoja nyuma. Nimemwita mpagazi wa dukani akanyage pedeli, nikatazama. Mpira wa mbele kushoto ukavimba tumbo kama chura aliyechokozwa. Nimeutoa na kuweka wa akiba, wa mwisho niliokuwa nao.

Halafu, kwa kuwa ni Alhamisi, nimepaka mafuta ya nazi. Matope ya Nyamisati yana chumvi, na chumvi haina huruma. Kwetu kila kitu hupakwa: baisikeli, cherehani, kufuli, jembe. Marehemu baba alikuwa akipaka mpaka bawaba za mlango. Mimi hupaka gari chini kote, springi, paipu na mipira, kila Alhamisi kwa miaka miwili sasa. Hakuna gari Kibiti linalotunzwa kama hili, na sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno.

Ijumaa, 2 Machi

Duka limefungwa mchana. Hakuna safari.

Jumatatu, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Mke wangu Mwanasiti amekaa barazani na kunyoosha miguu ilowe. Nilipomwambia aingie ndani akasema mtoto ndiye aliyetaka.

Sijaandika habari hii, niiandike leo. Ana mimba ya miezi saba. Ni ya tatu. Mbili za kwanza hatukupata kitu. Ya pili aliugua uchungu siku mbili nyumbani, na nilidhani nitawazika wote wawili. Bi Sijaona, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa hapa, ameniita uani kwake akaniambia waziwazi kwamba huyu hatamshika. Ameniambia, "Mwanangu, wa safari hii mpeleke hospitali ya Utete. Mimi nitakaa naye njiani, lakini mikono yangu isiwe ya mwisho."

Utete ni ng'ambo ya Mto Rufiji. Mpaka ufike lazima ushuke mteremko wa udongo mpaka kwenye pantoni inayovutwa kwa kamba, na mbele ya pantoni hakuna kingine ila maji. Nimemwomba Bwana Nanji gari. Amekubali kabla sijamaliza kuomba, akaniambia niliweke tayari tu.

Kwa hiyo breki hizi si za Nanji tena. Ni zangu.

Jumanne, 20 Machi

Mpira wa mbele kulia nao umelainika. Ukiubonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Nina mashaka na mtu. Banda tunalolaza gari ni la shirika, letu na la Hiralal, mwenye duka la pili. Dereva wake ni Abdala, mtu wa makamo, mkimya, aliyepigana vita vya juzi na akarudi na makoti mawili ya jeshi na hasemi habari nyingine. Leo asubuhi nimemkuta amechutama kando ya gurudumu langu. Hakushtuka. Alinusa vidole vyake, akaniuliza kwa jina langu, "Unapaka nini hapa, Zaidi?"

Nimemjibu kwamba napaka ninachopaka. Akaenda zake. Mtu anayechutama kwenye gurudumu la mwenzake halafu ananusa vidole ana jambo.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua. Nimepaka mara mbili, asubuhi na jioni.

Jumatano, 28 Machi

Tumekwama Mtawanya kwa saa nne. Wanawake waliokuwa wanatoka shamba walilisukuma gari na kunicheka kwa pamoja. Nimerudi salama.

Alhamisi, 5 Aprili

Ule mpira mpya, wa kushoto, ambao hauna hata miezi miwili, umeanza kunata. Mpira wa kulia umevimba. Wa nyuma una unyevu kwenye shingo. Mipira mitatu haiwezi kuugua kwa mpigo bila mkono wa mtu.

Nimekwenda kwa Bwana Nanji, nikamweleza yote: kuchutama, kunusa vidole, ukimya. Nikamwambia kwamba Abdala anatia dawa kwenye mipira yetu ili mizigo yote ya Nyamisati iende kwa Hiralal. Bwana Nanji hapendi ugomvi, alishika kichwa. Mchana alikwenda kwa Hiralal, wakanywa chai, wakapatana kwamba tangu leo gari la Hiralal litalala nje, nyuma ya duka lao. Tumeagiza mipira mipya kutoka Dar es Salaam kwa barua.

Nimemwambia Mwanasiti. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akaniuliza kama nilimwona Abdala akitia hiyo dawa. Nikamwambia si lazima umwone nyoka ndipo ujue umeumwa. Akaendelea na mchele wake.

Nina raha leo. Banda lote langu.

Jumatatu, 9 Aprili

Mvua. Hakuna barua.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua. Abdala anatengeneza gari lake nje, chini ya turubai, maji yanampita miguuni. Nimempita nikiwa nimetazama mbele.

Jumatano, 18 Aprili

Mpira wa kushoto umevuja. Matone matatu kwenye vumbi la banda, nimeyahesabu. Na Abdala hajatia mguu humu tangu siku ile.

Nikawaza kwamba huenda anaingia wakati nipo kwa Nanji. Nimefunga uzi mweusi mlangoni, usawa wa goti, mtu asiujue.

Ijumaa, 20 Aprili

Uzi mzima.

Jumapili, 22 Aprili

Uzi umekatika. Nimeukata mimi, nilisahau. Nimeanguka na debe la maji.

Alhamisi, 26 Aprili

Uzi mzima siku nne, na mipira inazidi kulainika. Sielewi. Nimepaka mafuta nikiwa nawaza, nikapaka mengi zaidi.

Bwana Nanji amepata barua: mipira imetumwa, lakini lori lililoibeba limekwama njiani na barabara imefungwa kwa maji. Bi Sijaona amempapasa Mwanasiti tumbo, akasema zimebaki wiki tatu, labda chini ya hapo. Mwanasiti amevimba miguu, hacheki tena nikimtania. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sina pa kusema.

Ijumaa, 4 Mei

Leo nilikuwa nife.

Nilitoka Nyamisati na magunia machache, maana sikuthubutu kupakia. Karibu na Mahege barabara inashuka kidogo, si mteremko wa kutisha, mtoto angeushuka akikimbia. Nilikanyaga breki, nikasikia mlio chini, puu, na pedeli ikalala. Nikakanyaga tena, haikuwa na kitu. Niliingiza gea ya kwanza kwa nguvu, gari likapiga kelele, nikalielekeza kwenye kingo ya udongo upande wa kushoto. Tukaipanda kingo hiyo, mimi na gari na nazi kavu, tukasimama tumelala upande. Taa moja imevunjika. Mimi nimechubuka paji la uso.

Nilikaa pale mvuani. Sikuwa nawaza gari. Nilikuwa naona ule mteremko wa pantoni, na Mwanasiti nyuma.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa la Hiralal. Nilitamani lipite. Abdala akasimama, akashuka na koti lake la jeshi, hakunisalimu wala hakuniuliza. Aliingia chini ya boksibodi kwa mgongo, kwenye tope, akatoka na kipande cha mpira uliopasuka. Akakinusa kama alivyonusa vidole siku ile. Halafu akanivuta mkono, akanipeleka kwenye gari lake, akaniinamisha chini yake.

"Shika huo," akasema.

Nikaushika mpira wake wa breki. Mkavu, mgumu, umejaa vumbi, umechubuka kidogo. Akasema una miaka mitatu.

"Sasa shika wako." Wangu ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva sana, na mkono wangu ukanuka jikoni.

"Nani alikufundisha kupaka mpira mafuta ya nazi, Zaidi?"

"Hakunifundisha mtu. Kwetu kila kitu kinapakwa."

"Chuma kipake, kitakushukuru. Mpira unayanywa hayo mafuta. Unanywa, unavimba, unaoza. Karakana ya jeshi tuliambiwa siku ya kwanza: mpira uoshe kwa maji baridi na sabuni, uache ukauke, basi. Nilitaka kukwambia mwezi wa tatu. Ulikuwa na hasira."

Miaka miwili. Kila Alhamisi. Kumbe mkono niliokuwa nautafuta kwa uzi mweusi ni huu ninaoandikia.

Amenivuta kwa mnyororo mpaka Kibiti, polepole, akitazama nyuma kila kona. Sikumwambia ni nani aliyemtoa bandani. Nilishukuru tu, nikaona aibu, na kusema kweli, nilikuwa na furaha kubwa kuliko aibu. Kitu kinachojulikana kinatengenezeka.

Jumamosi, 5 Mei

Nimeosha gari chini kote, sabuni na maji ya mvua, mpaka mikono imekunjamana. Chupa ya mafuta ya nazi nimeipeleka nyumbani, nikaiweka juu ya kabati. Mwanasiti ameitazama, akanitazama.

Alhamisi, 10 Mei

Lori limefika. Kifurushi kina mipira miwili. Tuliagiza mitatu. Nimekitikisa kifurushi kama mwehu.

Jumamosi, 12 Mei

Niandike siku hii vizuri.

Alfajiri Abdala alikuja bandani kwetu, akasimama mlangoni pale pale nilipofunga uzi, akaomba ruhusa ya kuingia. Eti mimi nimpe ruhusa. Mkononi alikuwa na mpira mpya wa breki, umefungwa kwa karatasi. Gari lake na letu ni za kiwanda kimoja, na huo alikuwa ameuweka akiba kwa ajili ya gari la Hiralal. Akasema Hiralal anajua, na kwamba Hiralal ndiye aliyemwambia aulete.

Tumefanya kazi mpaka adhuhuri. Kwanza jeki na mawe chini ya magurudumu. Alinionyesha kuushika mpira kwa spana moja na kufungua nati ya paipu kwa spana ya pili, ili paipu ya chuma isisokoteke. Kumbe mimi nilikuwa nafungua kwa spana moja na nguvu. Washa za shaba za zamani, zile pete za kubana maungio, akazitupa mbali makusudi, nisije nikazirudisha; mpya hubana vizuri, ya zamani huvuja. Kila mpira tulioufunga, nilizungusha usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, yeye akitazama usije ukagusa tairi wala kujinyonga. Hakuharakisha hata mara moja. Nilitazama mikono yake na kukumbuka nilivyomwelezea Bwana Nanji mikono hiyo hiyo.

Ikabaki kutoa hewa. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anakaa na kukanyaga pedeli, wa pili analala chini na chupa yenye mafuta ya breki na kimrija, anafungua kiskrubu, hewa inatoka mapovu mapovu, anafunga. Aliyekaa juu haruhusiwi kuinua mguu kabla ya kuambiwa. Akiuinua, hewa inarudi ndani na kazi yote ya asubuhi ni bure. Tulianza gurudumu la nyuma, la mbali zaidi. Mimi nilikuwa chini. Nilikuwa naona kisigino chake tu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikafungua. Mapovu yakatoka. Nami nikajikuta nasema, kwa sauti ambayo sikuijua:

"Kaka Abdala. Ni mimi niliyemwambia Nanji kwamba unatia dawa. Umelala nje mwezi mzima kwa ulimi wangu."

Nilitazama kile kisigino. Kama mguu ule ungeinuka, nisingekuwa na neno la kumwambia. Haukuinuka. Ulibaki palepale, umebana, mpaka povu la mwisho likatoka na mafuta yakaja matupu.

"Funga," akasema. "Usije ukaingiza hewa."

Nikafunga. Tukamaliza magurudumu yote manne, kanyaga, nimekanyaga, funga. Nilipotoka chini nilikuwa na mafuta usoni na machozi pia, na nilishukuru kwamba havitofautiani.

Akanipa tambara. Akasema alijua tangu siku ile ile. Hiralal hawezi kuficha jina la mtu. Nikamuuliza kwa nini basi ananisaidia.

"Mkeo," akasema. "Kila asubuhi ya mvua ameniletea uji kule kwenye turubai, na tumbo lile. Hakunieleza kitu. Alikuwa anaweka bakuli na kuniambia, shikamoo kaka, umekunywa?"

Nimerudi nyumbani na kumuuliza Mwanasiti. Akasema ndiyo, amepeleka, na kama nina neno niseme. Nimemwosha miguu.

Jioni Bwana Nanji amekubali gari la Hiralal lirudi bandani. Nimelisukuma kuingia mimi mwenyewe.

Jumapili, 13 Mei

Nimejaribu breki kwenye mteremko mara kumi na moja. Zinashika.

Jumatatu, 14 Mei

Mara sita. Abdala amesema nitazimaliza kwa kuzijaribu.

Ijumaa, 18 Mei. Utete, kivuli cha hospitali

Jana baada ya sala ya alfajiri Mwanasiti aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hafanyi, nikajua. Tulimlaza nyuma ya boksibodi juu ya magodoro mawili ya Mama Malekbanu, mapya, yenye maua. Nilimwambia yataharibika, akanijibu kwamba magodoro hutengenezwa. Bi Sijaona akapanda na kanga zake na tasbihi. Abdala hakupanda, ana kazi yake, ila alilala chini ya gari kwa mara ya mwisho, akashika mpira mmoja mmoja, akatoka akasema, "Mikavu. Nenda."

Njia ya mtoni sitaieleza. Mashimo yalikuwa mengi, na kila shimo nilimsikia.

Tulifika ukingoni saa tano. Mto umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Mteremko wa kushukia pantoni ulikuwa utelezi mtupu. Desturi ni abiria wote washuke, dereva ateremke peke yake. Mwenye pantoni alipaza sauti washuke. Mwanasiti alijaribu kuinuka, akashindwa. Bi Sijaona akakataa kumwacha. Mwenye pantoni akatazama nyuma ya gari, akaniambia basi, shauri lako, na akawaondoa watu wote mbele.

Nilisoma bismillahi nikaingiza gea ya kwanza. Nilikanyaga kidogo, nikaachia, nikakanyaga. Pedeli ilikuwa juu, ngumu, kama sakafu. Gari likateleza upande, likarudi, matairi ya mbele yakapanda mbao za pantoni, na hapo nikakanyaga mpaka mwisho. Likasimama palepale. Kutoka bampa mpaka mnyororo wa mbele nilipima baadaye: hatua mbili nzima. Hatua mbili ni nyumba nzima ya kukaa.

Nyuma nikamsikia Mwanasiti anasema polepole, "Tumefika?" Bi Sijaona akamwambia bado, lakini tumesimama. Nilicheka peke yangu pale kwenye usukani mpaka mwenye pantoni akaja kunichungulia.

Amejifungua leo asubuhi, saa tatu. Ilikuwa kazi, daktari ameniambia ilikuwa kazi, na kwamba nyumbani isingewezekana. Mama mzima. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kunishinda mimi. Bi Sijaona alitoka akanionyesha, akasema, "Haya, baba, mtazame mgeni wako." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Nimekaa chini ya gari. Si kutazama kitu, kulia tu. Ni mahali nilipozoea.

Alhamisi, 24 Mei

Tumerudi Kibiti, sote watatu na Bi Sijaona. Mteremko, pantoni, mashimo, vyote vilevile, ila nimevipita nikiimba. Mvua zinapungua. Magodoro yameharibika.

Abdala alikuja jioni kumwona mtoto. Alisimama mlangoni na koti lake, hajui pa kuweka mikono. Mwanasiti akamwambia, "Kaka, tumempa jina la mama yako. Mwanamina." Kumbe alikuwa amemuuliza jina hilo kule kwenye turubai, kati ya bakuli na bakuli. Abdala akainama akatazama, akasema mama yake alikuwa mkali. Tukamwambia na huyu vilevile.

Alhamisi, 31 Mei

Nyamisati na kurudi, saa tisa, salama. Ramadhani inakaribia, matope yamekauka. Nimeosha gari kwa maji na sabuni, nikaliacha likauke kandoni mwa gari la Abdala.

Mkono ulinihangaisha jioni yote, Alhamisi ni Alhamisi. Nilikwenda nyumbani nikashusha ile chupa juu ya kabati. Mwanasiti akaniambia, "Haya, kazi yako hii," akanipakatisha mtoto. Nimempaka mafuta ya nazi mwili mzima, miguu, mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, polepole, sikuacha mahali. Amelala katikati ya kazi.